Tunaosha miguu mara tano kwa siku, lakini nani kati yetu anaiangalia? (Uzi wa nyayo na kutembea pekupeku)

Mwana wa Mtambwe (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum jamaa. Uzi huu utakuwa mrefu, nitauandika kwa vipande kila nikipata nafasi, naomba mnivumilie.

Msimu wa karafuu uliopita nilivuka kwenda Pemba kumsaidia bibi yangu Mtambwe. Kazi yangu huku Unguja ni ya kusimama. Nasomesha skuli, na tangu asubuhi mpaka saa saba mchana niko mbele ya ubao, juu ya saruji, na viatu vya ngozi vilivyochongoka mbele. Kabla ya safari ile nilikuwa na miezi kama minane ya maumivu ya kisigino. Hatua iliyokuwa mbaya kuliko zote ni ile ya mwanzo, ukishuka kitandani alfajiri kwenda kutia udhu: kama mtu amekupigilia msumari. Ukitembea kidogo yanapoa, jioni yanarudi.

Siku ya pili pale shamba bibi aliniona nakatisha uwanja na viatu vyangu, akaacha kuchambua karafuu akaniuliza: "Mjukuu wangu, kwani unaogopa nini kwenye uwanja wangu? Nimeufagia mwenyewe." Nikavua.

Wale mliokulia Pemba mnaujua uwanja uliofagiliwa kwa chelewa alfajiri, udongo mwekundu bado una umande. Sikuwa nimeugusa kwa unyayo tangu nilipokuwa mtoto. Siku tatu za mwanzo nilitembea kama mtu anayepita juu ya mayai. Kila kijiwe nilikijua kwa jina lake. Majamvini ndiko kulikokuwa na adhabu zaidi, maana karafuu ikishaanza kukauka ile ncha yake inachoma, na kuigeuza huwezi bila kukanyaga pembezoni.

Siku ya nne kitu kikabadilika. Vijiwe vilikuwepo vile vile, ila mguu ulianza kuvijibu. Nikajikuta natua polepole, vidole vinatanuka kabla uzito haujafika, goti linakunjika kidogo. Hakuna aliyenifundisha. Wiki ya pili ile hatua ya alfajiri ikaanza kunisamehe.

Lakini kilichonifanya niandike ni jambo jengine. Bibi amepita miaka sabini, nyayo zake zina sugu nene kama soli ya kubadhi. Jioni moja anavuka uwanja na kapu kichwani, akasita, akainua mguu, akapangusa kitu, akaendelea. Nikaenda kutazama. Lilikuwa konyo moja la karafuu, kijiti kidogo kama kichwa cha kibiriti. Ngozi ngumu kiasi kile, na bado ilimsikia mgeni mdogo kiasi kile. Mie na nyayo zangu laini za ndani ya soksi ningelipita juu yake nisijue, nikiwa na viatu.

Nimeandika "ilimsikia" na sikukosea. Nataka tuujadili mguu kama sikio.

Bi Mwani

Waalaykum salaam mwanangu. Mie ni mtu wa Jambiani, nalima mwani tangu ulipoanza huku kwetu mwaka 1989, nilikuwa msichana. Nimecheka uliposema mguu ni sikio kwa sababu ni kweli tupu.

Bamvua maji yakishakupwa sisi tunatembea masafa marefu kufika mashambani. Njia yote inasomwa kwa mguu. Mchanga mgumu wenye mistari una sauti yake, tope lina sauti yake, majani ya bahari yanateleza na yanafichua. Maji yakianza kujaa, kabla hujayaona, unyayo ushasikia ubaridi unapita chini ya mchanga. Nimewahi kuwaita wenzangu tutoke kwa sababu hiyo tu.

Lakini naomba usije ukawadanganya watoto wa watu kuwa peku ni kila mahali. Sisi wenyewe wa baharini siku hizi tunavaa viatu vya mpira au soksi nzito. Kuna wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu kwenye miamba: ukimkanyaga, miiba inakatikia ndani. Tunapaka utomvu wa papai bichi, ndiyo dawa tuliyoikuta kwa mama zetu. Kuna taa, yule samaki bapa, anajilaza chini ya mchanga huna habari naye, na mkia wake una mwiba wa sumu. Kwa taa tunaburuta miguu, hatuinui, ili asikie tunakuja akimbie. Na akishakuchoma, mguu utiwe kwenye maji ya moto kadiri unavyostahamili, kisha uende kituo cha afya. Hayo maji ayajaribu mtu mwengine kwa mkono wake, kwa sababu aliyechomwa na taa maumivu yameshamzidi, hapimi tena moto.

Na matumbawe yakikuchana usidharau. Kidonda cha matumbawe hakiponi haraka.

Ustadh wa Miembeni

Allah awalipe kheri. Niongeze kutoka upande wetu. Katika Sunan Abi Daud ipo riwaya ya Fadhala bin Ubayd, radhi za Allah ziwe juu yake. Mtu alimkuta yeye ni amiri wa Misri na yuko pekupeku, akamuuliza mbona hamuoni na viatu. Akajibu kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, alikuwa akiwaamrisha watembee bila viatu mara nyengine. Liangalieni hilo neno: mara nyengine. Hakuna aliyeambiwa avitupe viatu.

Na ndugu mwanzisha uzi, kichwa chako cha habari kimenichoma. Tumesomeshwa tangu chuoni kukhalili vidole vya miguu, kupitisha kidole kidogo cha mkono baina yao. Na ile hadithi ya "Ole wao visigino" tunaijua sote, inawahusu walioacha visigino vikavu. Fikirini, visigino vimetajwa! Sisi tunafungua bomba, tunanyosha mguu, tunageuza, tumekwisha. Nimesimama leo kwenye birika la msikiti wetu baada ya kusoma uzi huu nikawatazama watu wanatia udhu Adhuhuri. Hakuna aliyeinama.

Mwana wa Mtambwe

Shukran Bi Mwani, shukran Ustadh. Nakuja na kipande cha pili.

Niliporudi mjini nilianza kusoma. Mguu mmoja una mifupa 26. Miwili ni 52, na mwili mzima wa mtu mzima una 206. Kwa hiyo robo ya mifupa yetu iko chini ya vifundo, ndani ya viatu. Chini ya unyayo kuna misuli midogo iliyopangwa tabaka nne, na kazi yake ni kushika ule uvungu wa kati usizame na kurekebisha mizani kila hatua. Ngozi ya pale ni nene kuliko sehemu nyengine za mwili, haioti nywele, na imejaa ncha za mishipa ya fahamu zinazopokea mgandamizo, mtikisiko na kuvutika kwa ngozi. Ubongo unatumia habari hizo kujua mwili umesimama vipi. Funga macho usimame mguu mmoja, utausikia unyayo unavyohangaika kukuzuia usianguke.

Sasa lile la sugu la bibi yangu. Kuna watafiti walilipima jambo hilo hasa, wakalichapisha mwaka 2019 katika jarida la Nature. Walilinganisha watu wa Kenya magharibi na watu wa Boston kule Marekani, wenye mazoea ya peku na wenye mazoea ya viatu. Wakaona kwamba sugu inapozidi unene, usikivu wa unyayo haupungui. Sugu ni ngumu, kwa hivyo mgandamizo unapenya mpaka kwenye ncha za fahamu zilizo chini yake. Soli nene ya sponji ndiyo inayoumeza ujumbe njiani. Niliposoma nikaliona lile konyo.

Mmoja wa watafiti hao, Daniel Lieberman wa Harvard, mwaka 2010 alikuwa ameshaonesha jengine: mkimbiaji aliyezoea peku hutua mara nyingi kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na ule mshindo wa kisigino unaogonga ardhi karibu haupo. Aliyezoea viatu vyenye kisigino cha mto hutua kwa kisigino. Wazee wetu hapa watamkumbuka Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 bila viatu. Ila watu wanasahau nusu ya pili ya kisa: mwaka 1964 Tokyo alishinda tena, na safari hiyo alivaa viatu. Kwangu mie nusu zote mbili ni somo moja. Mguu ulikuwa wake katika hali zote mbili.

Na kuhusu watoto, kuna uchunguzi wa India wa mwaka 1992, watoto 2,300. Waliokuwa wakivaa viatu, nyayo bapa zilionekana kwa asilimia 8.6. Wasiovaa, asilimia 2.8. Uvungu wa mguu hujengeka utotoni, na mtoto aliyeachiwa mguu wake ufanye kazi huwa ameujenga kwa mazoezi yake mwenyewe.

Chandimu Mpaka Magharibi

Kaka umenikumbusha mbali. Sisi Maisara tulicheza peku mpaka adhana, na hakuna aliyekuwa anaumwa kisigino. Mpira ukiupiga kwa mguu mtupu unajua umekwenda wapi kabla hujaangalia. Leo wadogo zetu bila viatu vya njumu hawaingii uwanjani, na vifundo vinateguka kila wiki.

Muuguzi wa Chake

Samahani, nauingilia uzi kwa uchungu kidogo. Nafanya kazi ya afya Pemba. Nikiona watu wanasifu peku namkumbuka kila mama mjamzito niliyemuona mweupe viganjani, hana damu.

Safura, ile minyoo inayomaliza damu, mara nyingi haiingii mdomoni. Vijidudu vyake vinangojea kwenye udongo mbichi wenye kivuli, mahali ambapo mtu amejisaidia ovyo, na vinapenya ngozi ya mguu, mara nyingi baina ya vidole. Unasikia muwasho kidogo, unajikuna, unasahau. Vinasafiri na damu mpaka mapafuni, vinapanda kooni, unavimeza, vinakwenda kung'ang'ania utumbo na kunyonya damu kila siku. Pemba tumeteseka na safura miaka mingi, na watoto wa skuli wa kisiwa hiki ndio waliochunguzwa katika miaka ya 1990 ili ijulikane inavyowamaliza damu. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, tangu mwaka 2000, imekuwa ikishughulika na maradhi haya. Tumepiga hatua kubwa kwa vidonge vya minyoo maskulini. Lakini mdudu yupo.

Kuna na tekenya. Kuna na ile minyoo ya paka na mbwa ya mchanga wa pwani, inayochora mstari wa kujipinda chini ya ngozi, unawasha usiku kucha. Kuna kichocho, ambacho hakizuiliwi hata na viatu: ukitia mguu kwenye mto au bwawa lenye konokono wake, umeingia. Wakulima wa mpunga mabondeni wanaujua mkojo wa damu. Na kuna msumari wenye kutu na pepopunda. Ukichomwa, usikae na mguu kwenye maji ya chumvi ukangoja. Nenda ukachomwe sindano.

Bibi yako alikwambia neno ambalo umelipita haraka: "Nimeufagia mwenyewe." Hilo ndilo sharti lenyewe. Peku kwenye uwanja unaoujua, uliosafishwa, nyumba yenye choo. Si peku njia ya shamba wakati wa mvua nyuma ya migomba.

Mwana wa Mtambwe

Muuguzi, nakushukuru, na wala hukuingilia. Kweli nililipita haraka. Bibi mwenyewe akitoka nje ya uwanja, hata kwenda kisimani tu, anavaa kandambili zake. Nilimuona kila siku sikutia maanani. Na mchumaji akiteremka mkarafuu, pale juu amepanda peku kwa sababu unyayo ndio unaolishika tawi, akifika chini anatafuta viatu vyake.

Sasa kipande nilichokuwa nakikimbia.

Ninaye ami yangu, ndugu wa baba, anakaa Ng'ambo. Ana kisukari zaidi ya miaka kumi na tano. Ijumaa moja alitoka msikitini, akavaa kandambili zake, akapita Darajani kununua samaki, akarudi nyumbani kwa miguu. Akatia udhu wa Alasiri. Akatia wa Magharibi. Akatia wa Isha. Usiku mkewe anakunja mkeka, akaona doa la damu. Kisha jengine. Akamshika mumewe mguu akaugeuza. Chini ya kidole gumba kulikuwa na tundu, na kwenye kandambili msumari mdogo wa fundi viatu umetokeza upande wa ndani, urefu kama punje ya mchele.

Alikuwa ameutembelea tangu mchana. Aliuosha mguu ule mara tatu na kidonda kimo. Hakusikia chochote.

Baada ya miezi miwili alikatwa vidole viwili. Yeye ni mtu mpole, alipotoka alisema tu kwamba mguu wake ulikuwa umekufa siku nyingi na hakuna aliyempa mkono wa pole. Nimeshindwa kulisahau neno lile.

Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, na inaanzia kwenye ile mirefu kuliko yote, inayofika vidoleni. Ganzi inapanda kama soksi. Mtu haiti "ugonjwa", anasema "miguu yangu imezoea". Jasho la mguu nalo linakauka kwa sababu fahamu zinazoliendesha zimeharibika, ngozi inapasuka. Yale magaga tunayoyaona ni jambo la kina mama na jiwe la kusugulia, kwa mtu wa kisukari ni mlango umefunguka. Na damu haifiki vizuri, kwa hivyo kidonda hakifungi.

Kwa hiyo nilikaa na mambo mawili kichwani: bibi aliyelisikia konyo kupitia sugu ya miaka sabini, na ami asiyeusikia msumari. Mmoja peku ni neema yake. Mwengine peku ni hatari, hata ndani ya chumba chake. Kinachowatenganisha ni kama mguu bado unasikia, na hilo hulijui mpaka uangalie.

Bi Mwani

Innalillahi. Mpe pole ami yako. Nimesoma hapo kwenye "miguu yangu imezoea" nikasimama. Mume wangu husema hivyo hivyo.

Fundi wa Viungo

Mie ni mtaalamu wa viungo, nimesomea kazi hii. Niruhusuni nirekebishe kidogo kisha niongeze.

Maumivu ya kisigino ya mwanzisha uzi yanaelezeka. Kuna utando mnene unaotoka kisigino hadi vidoleni, ndio kamba inayoushika uvungu. Ukiuchosha kwa kusimama saa nyingi juu ya kitu kigumu, unauma pale unapoanzia, na asubuhi unauma zaidi kwa sababu usiku umejikunja. Ndugu yangu, usiseme umepona kwa peku peke yake. Uliacha kusimama sehemu moja, ulikuwa unakwenda huku na huku juu ya udongo laini, na viatu vyako vilivyokuwa vinakubana vidole uliviacha. Mtu mwenye maumivu kama yako akisoma hapa kisha akaanza kutembea peku juu ya marumaru ya nyumbani kwake, anaweza kujizidishia. Katika kipindi cha maumivu makali mimi humpa mtu kiatu kilaini chenye kisigino kidogo, anyooshe misuli ya nyuma ya mguu ukutani, abingirishe chupa ya maji ya barafu chini ya unyayo. Peku inakuja baadaye.

Na ije kidogo kidogo. Dakika kumi juu ya mchanga mgumu wa pwani au uwanja safi, siku moja baada ya nyengine. Misuli huzoea kwa wiki, mifupa inataka miezi. Wako wakimbiaji waliohama ghafla kwenda viatu vyembamba wakapata nyufa kwenye vifupa vya katikati ya mguu.

Zoezi ninalolipenda halihitaji hata kutoka nyumbani. Kaa, unyayo chini, kisha jaribu kukifikisha kidole gumba karibu na kisigino bila kukunja vidole. Uvungu utanyanyuka. Shikilia, achia. Mwanzo utaona mguu haukutii, wengine wanatokwa jasho kwa kuuamrisha tu. Jengine, wakati wa kupiga mswaki simama mguu mmoja karibu na ukuta. Kwa wazee wetu hili ni kubwa kuliko mazoezi mengi, kwa sababu anayeanguka msalani akavunja nyonga mara nyingi harudi alivyokuwa.

Mama Mapacha

Dada na kaka zangu, wanangu wana mwaka na miezi miwili, ndio wanaanza kusimama. Bibi yao kawanunulia viatu vigumu vya kufunga kamba, anasema vinanyoosha miguu. Niwavishe?

Fundi wa Viungo

Ndani ya nyumba waache peku, dada. Mtoto anayejifunza kutembea anaishika sakafu kwa vidole. Nje palipo na kokoto au uchafu mvishe kiatu kilaini kinachokunjika katikati na chenye nafasi mbele. Na usiogope ukiona nyayo zao bapa, umri huo watoto karibu wote wako hivyo, kuna mafuta pale. Bibi yao mwambie kwa upole, viatu vile vitafaa Sikukuu.

Ardhi na Mwili

Mbona hamjazungumzia umeme wa ardhi? Nimeona video, wanasema ukitembea peku ardhi inanyonya sumu zote mwilini, presha na sukari zinashuka.

Mwana wa Mtambwe

Ndugu yangu, nimezisoma habari hizo pia. Tafiti zenyewe ni za watu wachache mno, haziwezi kubeba madai makubwa kiasi hicho. Na nitasema wazi kwa nini linaniuma: anayesikia kwamba sukari inashuka kwa kutembea peku ni ami yangu. Mwenye kisukari akitupa viatu ili atibiwe na ardhi, ardhi itamjeruhi naye hatajua. Tafadhali, kama una mzazi mwenye sukari, usimpelekee video ile.

Muuguzi wa Chake

Naliunga mkono kwa mikono miwili. Mwenye kisukari: viatu ndani na nje. Kabla ya kuvaa, tia mkono ndani ya kiatu upapase. Msikitini na kwenye zulia vaa soksi nyeupe safi, nyeupe kwa sababu damu inaonekana. Maji ya moto yajaribu kwa kiwiko au mwambie mwengine. Sugu usiikate kwa wembe. Mafuta ya nazi paka juu na chini na kisiginoni, ila baina ya vidole usipake, pakaushe, pakikaa na umaji panaota fangasi na panachanika. Na kliniki ya kisukari ukienda, vua viatu kabla hujaambiwa. Mwambie daktari akupime usikivu wa miguu, wana kijiuzi laini wanakugusa nacho huku umefumba macho, useme wapi unakisikia. Mwenye mabaka ya ngozi yasiyosikia, hata kama hana sukari, naye aje, kwa sababu ukoma haujaondoka visiwani kwetu na unatibika ukiwahiwa.

Ustadh wa Miembeni

Nimezungumza na imamu wetu. Tumekubaliana baada ya darsa ya Jumatano tutawaambia watu: ukimaliza kuosha mguu wa kulia, uinue, utazame chini yake, halafu wa kushoto. Asiyeweza kuinama kwa uzee atazamwe na mwanawe. Pia tunatafuta viti vya mawe vya kukalia pale birikani. Mtu aliyesimama kwa mguu mmoja juu ya marumaru yaliyolowa hawezi kutazama unyayo wake, anachowaza ni asianguke.

Mwana wa Mtambwe

Masha Allah Ustadh. Hilo la viti sikulifikiria kabisa.

Nami nina moja la kuongeza kwa wenye miguu mizima. Ukitoka kutia udhu, kanyaga saruji kavu kwa unyayo uliolowa, ugeuke utazame alama yako. Ikijaa yote kama kipande cha mkate, uvungu wako umelala. Ikikatika katikati ikabaki mbele na kisigino tu, uvungu umeinuka sana. Walio wengi wana utepe upande wa nje. Bapa peke yake si ugonjwa, kama hauumi uache. Mie yangu ya kulia na ya kushoto hazifanani, na nimeishi miaka thelathini na sita bila kulijua hilo.

Bi Mwani

Nimerudi. Jana usiku nilimwambia mume wangu anyooshe miguu nimpake mafuta. Kanishangaa, mara ya mwisho kumpaka ilikuwa tunaoana, wakati wa hina. Nikamwambia fumba macho, nikamgusa kwa bua la ukili kidole kimoja kimoja, nikimuuliza nakugusa wapi. Mguu wa kulia kataja vyote. Wa kushoto, vidole vitatu vya nje hakuvitaja. Akaniambia, "Bado hujaanza?" nami nishamaliza.

Hajawahi kupimwa sukari. Nalia huku naandika. Kesho bamvua, lakini siendi mwani.

Muuguzi wa Chake

Bi mkubwa, usilie, umewahi. Mpeleke asubuhi kabla hajanywa chai, wampime sukari akiwa na njaa. Mwambie avae viatu vilivyofunika vidole, na zile kandambili zake za kila siku zitie mfukoni uende nazo, wazione zilivyolika upande gani.

Bi Mwani

Nimezitia mfukoni. Ya kushoto imelika upande wa nje mpaka imetoboka.